Kibao cha Februari

Llanelli, 9 Oktoba

Mdogo wangu Iwan,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akiniamuru nikuulize kama unavaa zile soksi za sufu. Nyonga yake mpya inakwenda vizuri. Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, akakaa mahali pake kwenye kwaya, kisha akamkemea mpiga kinanda kwa kuukokota wimbo. Ukimsikia Mama anamkemea mtu, ujue amepona. Mvua haijakatika tangu uondoke na paa la ofisi linavuja palepale.

Mimi nipo, nagombana na Wales nzima. Juzi mwanamke wa Burry Port amelikataa gari mlangoni kwake, eti linanuka upya. Nikamwambia, "Sasa gari jipya linuke nini, mama, kabichi?" Akakata simu. Wewe ungemwambia afungue madirisha, angekushukuru na kukuletea keki. Halafu yupo yule mwalimu wa Gorseinon. Namtafutia bei kwa makampuni yote, anaichukua bei yangu anaipeleka kwa dalali wa Swansea, kisha anarudi kuniambia wenzangu wamepunguza. Nilimwambia basi aende akawaoe hao wenzangu. Naye amekwenda. Kazi hii ya udalali wa magari ya mkataba, ya kuwatafutia watu magari ya kukodi kwa miaka kutoka kwa makampuni, inataka mmoja wa kutafuta magari na mmoja wa kuvumilia watu, na mvumilivu alikuwa wewe. Nikiendelea peke yangu hivi, kufikia kiangazi nitafunga ofisi. Nasema kweli, sitii chumvi.

Sasa nisikilize. Uliondoka Juni ukaniambia umechoka tu. Nikakuamini, mjinga mimi, kwa sababu siku zile nilikuwa nalala hospitalini na Mama. Jumamosi nilikwenda kununua chipsi, na jamaa wa pale akanionyesha simu yake, akicheka, hakujua kwamba wewe ni ndugu yangu. Nikakuona. Uko kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Vaughan Treharne, yule mteja wetu dalali wa nyumba, umepiga magoti kwenye maji, unafuta gurudumu la gari kwa tai yako mwenyewe, ile ya bluu. Na yeye amesimama juu yako anarekodi, kivuli chake kimekufunika. Dukani palikuwa na kelele, sikusikia neno hata moja. Nilimrudishia simu yake nikatoka bila chipsi.

Kwa nini hukuniambia? Alikwambia nini yule mbwa? Nataka kila neno. Niandikie yote, halafu niachie mimi.

Dada yako,
Delyth

---

Yell, Shetland, 4 Novemba

Dada Delyth,

Salamu kwako na kwa Mama. Barua yako ilikaa bandarini Lerwick zaidi ya juma zima kwa sababu ya upepo, ikafika imelowa. Mwambie Mama soksi nazivaa pea mbili kwa pamoja. Nafurahi kuhusu nyonga, na namhurumia mpiga kinanda.

Huku visiwani kaskazini mambo si mabaya. Asubuhi tunapanda mashua tunakwenda kwenye vizimba kulisha samaki. Samaki hawaulizi gari litafika lini. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja anaitwa Bi Osla, anapika supu ya kondoo na viazi. Ukiisifu anakuongezea, na ukinyamaza anakuongezea. Simu sina na wala sitaki. Ukitaka habari zangu andika hivihivi, nimezoea kusubiri.

Yule mwanamke wa Burry Port ana pumu, Delyth. Hakuwa anakuringia. Mpigie.

Kuhusu hiyo video, kama umeiona basi umeiona. Umesema hukusikia sauti. Vizuri. Usiitafute ukaisikilize, na usiniulize tena habari za Treharne. Sina cha kusema.

Iwan

---

Llanelli, 22 Novemba

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na kukutumia vikeki vya zabibu, vimo humu kwenye boksi, kama watu wa posta hawajavila. Nilimpigia mwanamke wa Burry Port nikamwomba radhi kama ulivyoniambia. Amelichukua gari. Basi, furahi.

Umenikataza nisikuulize habari za mtu fulani. Sawa, sikuulizi. Nakupa.

Jana asubuhi simu ililia. "Treharne hapa," anasema, kana kwamba ni jina la mfalme. "Nataka gari la umeme, lile kubwa, rangi nyeusi. Nimepita kwa madalali wote na nyie ndio wenye bei nzuri, ingawa mwaka huu mlinisumbua."

Iwan, niliikaza simu sikioni. Nikamuuliza, "Tulikusumbua vipi, bwana?"

"Si yule mtu wenu! Aliniletea gari lina mchubuko kwenye gurudumu. Nilimkatalia. Mvivu mmoja hivi, simkumbuki vizuri."

Simkumbuki vizuri! Ulimwandikia barua pepe chungu nzima, kila moja ina jina lako chini yake. Ulimtafutia gari lile kwa miezi. Alikupigisha magoti mbele za majirani, akakutembeza mji mzima kwenye simu za watu, hadi ukakimbilia mahali ambako hakuna hata miti, na yeye hakumbuki! Kwake ilikuwa Jumatano tu kama Jumatano nyingine.

Nikamjibu kwa sauti tamu kama asali, "Karibu sana, Bwana Treharne." Kwa nini? Ngoja nikwambie. Jirani yake wa mbele, Beddoe yule mwenye duka la mazulia, ameshaagiza gari lilelile kwangu, nalo ni la Machi. Unajua wawili hao walivyo. Beddoe akipanda maua, Treharne anapanda miti. Basi mpango wangu ni huu: naipokea oda yake, namwacha alirudishe gari lake la sasa mkataba ukiisha, halafu juma la mwisho naifuta oda. Abaki hana gari. Aende kazini kwa basi, dalali wa nyumba mzima na viatu vyake vya ngozi, Beddoe akimpungia mkono akiwa kwenye gari jipya. Atakiona cha mtema kuni.

Nataka ajute, na nataka urudi ukae kwenye dawati lako. Sijampa mtu dawati lako. Niambie umekubali.

Delyth

---

Yell, 10 Januari

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Nimechelewa. Kwanza ilikuwa dhoruba, meli hazikuja. Halafu dhoruba ikaisha na bado sikuandika, na hiyo si kosa la meli. Vikeki vilifika vimevunjika, tukavila kwa kijiko. Bi Osla anauliza Mama anatia nini ndani yake. Watu hapa wanajiandaa kwa sherehe yao ya moto, wanaume wazima wanashona mavazi ya mashujaa wa kale, nami nimepewa ngao ya kupaka rangi.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilidhani ningekwambia umwache. Nilikwenda kwenye vizimba nikitunga maneno ya kukwambia umwache. Kisha nikafika pale uliposema hakumbuki, nikasimama na ndoo ya chakula mkononi hadi mwenzangu akanipigia kelele.

Usiifute oda yake. Ukiifuta atakuwa amedhulumiwa, na mtu kama yule akidhulumiwa hanyamazi. Ataandika kila mahali, ataandikia makampuni yenye magari, watakunyang'anya kibali cha kazi. Utafunga ofisi hata kiangazi hakijafika. Fikiri kama dalali. Mpe alichoomba.

Unakumbuka swali la Februari? Nilikuwa namuuliza kila mteja ambaye gari lake limefika bandarini mapema: "Nikuletee sasa, au nisubiri Machi?" Hakuna sheria inayotulazimisha kuuliza. Ni ubinadamu tu, kwa sababu tarakimu za vibao hubadilika Machi mosi na Septemba mosi: gari likisajiliwa Februari, hata siku ya mwisho, linabeba tarakimu za Septemba iliyopita, na likisajiliwa siku inayofuata linabeba za mwaka mpya, na wewe unajua watu wetu wanavyosoma vibao vya magari ya wenzao kabla hawajasoma magazeti.

Basi gari lake likifika mapema, mpigie. Muulize swali hilo kwa heshima, mara moja. Akikuacha umalize sentensi, msamehe, na mimi nimemsamehe. Akikukatiza, usirudie.

Nakuomba uifanye hivyohivyo. Hicho tu.

Iwan

---

Llanelli, 16 Februari

Iwan, Iwan, Iwan!

Mama mzima, anakusalimu, ana mafua, anaimba nayo. Timu yetu ya raga imefungwa tena na nchi nzima imevaa nyuso za msiba. Salamu zimekwisha, sasa sikiliza.

Gari lake limefika bandarini Jumatatu. Mapema! Nilinawa mikono kwanza, sijui kwa nini, nikafunga mlango, nikapiga. Nimekufuata neno kwa neno, naapa kwa kichwa cha Mama. Niliuliza polepole kuliko Mama anavyosali.

"Habari za leo, Bwana Treharne. Gari lako limefika. Nilitaka kukuuliza, ungependa uletewe mwezi huu, au..."

"Au nini? Au nini? Nyie watu hamna kingine ila au! Gari liko nchini?"

"Ndiyo, bwana, lakini kuna jambo la..."

"Mama, usinifundishe. Nimekuwa na magari mapya tangu wewe unavaa sare za shule. Nataka siku ya kwanza kabisa inayowezekana. Ikipita hata siku moja nitakuandika mtandaoni hadi ufunge hicho kibanda chako."

Nikasema, "Basi niandikie hivyo, bwana, ili niwasukume wenye gari." Akaandika pale pale, kwa herufi kubwa zote: SIKU YA KWANZA KABISA, SITAKI VISINGIZIO.

Nikaweka simu chini. Roho imenitulia kwatu. Nilikuwa tayari kumsamehe, Iwan, nakuapia, kama angenyamaza muda wa kumeza mate. Kwa kweli siyo. Nilikuwa naomba asinyamaze.

Litasajiliwa na kupelekwa tarehe ishirini na saba. Beddoe analipata lake Machi mosi. Nimewaomba wenye gari wamtume dereva wao, mimi nisionekane. Ningeonekana ningecheka.

Njoo ushuhudie. Nauli ya meli natuma mimi.

Delyth

---

Llanelli, 7 Machi

Mdogo wangu,

Hukuja, wala hukujibu. Nilikuwa nachungulia dirishani kila gari la posta likipita. Mama mafua yamepona. Anakusalimu na anauliza nimefanya nini, kwa sababu tangu Ijumaa natembea nikiimba. Nikamwambia biashara nzuri.

Dereva aliniambia hivi. Treharne alitoka na tochi mchana kweupe, akalizunguka gari zima, akapapasa kila mlango, akafungua kila kitu kinachofunguka. Anatafuta mchubuko. Hakuuona hata mmoja. Kibao hakukitupia jicho. Akasaini, akampiga dereva bega, akasema, "Hatimaye mmejifunza kazi." Jioni alikuwa ameliegesha barabarani kabisa, siyo uani, ili watu walione.

Machi mosi, sikukuu yetu ya taifa, watu wote wametundika maua ya njano vifuani, na mimi nikampelekea Beddoe gari lake mwenyewe. Gari lilelile, rangi ileile. Majirani wakatoka kupongeza. Beddoe akatazama la kwake, akatazama la ng'ambo, akavuka barabara na kikombe chake cha chai, akainama mbele ya gari la Treharne. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Vaughan, hukuniambia umechukua la mwaka jana! Wanapunguza bei sana, sivyo?"

Loo! Ungemwona Treharne. Alitoka na kandambili, akasoma kibao chake, akasoma cha Beddoe, akakirudia chake. Bi Eirlys wa nyumba ya kona akasema, "Bado zuri tu, Vaughan, usijali." Usijali! Nilikufa kwa furaha pale kwenye changarawe.

Dakika chache baada yangu alikuwa ofisini. Alipanda ngazi akitukana, hadi waoka mikate wa duka la chini wakatoka na unga mikononi. "Badilisha!" Nikamwambia haiwezekani, gari likishasajiliwa limesajiliwa, na atakaa nalo hadi mkataba wa miaka minne uishe. "Basi niweke kibao cha jina langu, kifiche tarakimu!" Nikamwambia gari si lake wala langu, ni la kampuni, na ruhusa hiyo kampuni haitoi ila kwa nadra. "Nitawashtaki! Nitaandika!" Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome herufi zake kubwa mwenyewe. Alisoma midomo ikicheza. Akakaa. Kwenye kiti chako alikaa, nikamwambia, "Siyo hicho." Akahama.

Hapo akalainika. "Bi Prosser," anasema, "sisi ni watu wazima. Unataka nini?"

Iwan, sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe. Nikamwambia, "Juni iliyopita ulimpigisha mtu magoti uani kwako. Nitajie jina lake, tu. Ukilitaja, nawapigia wenye gari sasa hivi nakuombea ile ruhusa, na wananisikiliza."

Akacheka kwanza. Akaona sicheki. Akasema, "Huw." Nikatikisa kichwa. "Dafydd. Rhys." Nikamwambia endelea. Akaanza kutokwa jasho. Alitaja majina ya nusu ya timu ya raga, mtu mzima, huku anakodoa macho ukutani kana kwamba nimelibandika pale. "Niambie tu ni nani," akasema, "nitamwomba radhi, nakuapia." Nikamwambia, "Anakuomba radhi wewe kwa nini, wakati humjui?" Hapana, nimekosea, nilisema, "Utamwomba vipi radhi mtu usiyemjua?" Hata sasa maneno yananipanda kichwani. Nikamfungulia mlango.

Ameandika mtandaoni. Nyota moja. "Wameniletea gari nililoagiza siku niliyoagiza." Watu wanaipenda sana, wanaisambaza kuliko ile video. Simu haitulii, wateja wapya wanataka kufanya kazi na dalali anayetimiza ahadi.

Nimekulipizia, mdogo wangu. Hajui hata nimemfanyia kwa ajili ya nani, na kwa miaka minne kila asubuhi atakitazama kibao kile na kujiuliza. Sijutii hata chembe. Lakini jana nilikaa kwenye meza yangu, nikatazama dawati lako, na lilikuwa tupu vilevile. Nilidhani akianguka yeye, wewe utainuka. Niambie ni nini ambacho bado hakijatosha. Nitakifanya.

Delyth

---

Yell, 20 Machi

Dada Delyth,

Salamu kwako, na kwa Mama salamu maalumu, nina furaha amepona. Hapa jua limeanza kuonekana. Bi Osla amepata wana-kondoo mapacha na amempa mmoja jina langu, sijui kama ni heshima au ndiye mvivu.

Barua yako niliisoma jikoni. Nilipofika kwa Beddoe na kikombe chake cha chai nilicheka, Bi Osla akaja mbio akidhani nimepaliwa. Sijawahi kucheka humu ndani tangu nije. Akataka nimsomee. Nikamsomea yote, na ilibidi nimweleze kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mjane wa Kishetland jambo ambalo sikuweza kukwambia wewe, na baada ya kumwambia nikaona paa halijaanguka.

Umeniuliza tangu Oktoba aliniambia nini. Aliniambia kidogo sana. Alisema, "Piga magoti ufute, nione kama unaitaka kazi." Kila mteja mkorofi husema kitu cha namna hiyo, na wewe unajua nimesikia mabaya zaidi. Si yeye aliyenitoa Llanelli.

Nilipomaliza kufuta, akasema gari halitaki, nilirudishe. Na mimi, nikiwa bado chini, magoti yamelowa, nikamwangalia juu nikasema, "Asante sana, Bwana Treharne."

Nilisema asante, Delyth. Hakunilazimisha. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kazini, ile tamu. Hilo ndilo sikutaka ulisikie kwenye video. Usiku na mchana nimekuwa nalisikia, kwenye mashua, kwenye supu. Nilikuja huku kwa sababu samaki hawashukuriwi.

Umeuliza ni nini hakijatosha. Umenilipizia vya kutosha, tena umepita kipimo, na sitakudanganya, kila nikimfikiria akitaja majina yale nafurahi kama mtoto. Lakini hukuweza kunirudisha kwa kumwangusha yeye. Nilitakiwa nikutamkie neno lile, na sasa nimelitamka.

Kazini nimeshaaga. Meli ya Aberdeen ninaipanda Jumatatu, kisha treni. Mwambie Mama, lakini asialike kwaya nzima.

Na mteja mkorofi wa kwanza atakayepiga simu nikishafika, usimpokee wewe. Nipe mimi.

Ndugu yako,
Iwan